Mwalimu Araba Otuwa Ackon na Darasa la Kinu

Mchungaji wetu, wakuu wa koo, wawakilishi wa ofisi ya elimu ya wilaya, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, nanyi nyote mliovaa nyeusi kwa ajili yetu leo, ukoo wa Anona wa Amisakrom unawaomba mketi, hata ninyi mlio nje chini ya turubai, kwa kuwa maisha tutakayoyasoma yalikuwa marefu, na mwenyewe hakupenda mtu amsikilize akiwa wima. Tunalisema mapema, ili mtu asikae akijiuliza, kwamba dada yetu hakuacha ugomvi na mtu yeyote, bali aliacha swali moja, nani atafungua mlango wa darasa lake, ambalo tangu alipofariki limepigwa kufuli, na watoto wa darasa hilo wanangoja mtihani wa Juni.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1948, hapa Amisakrom, akiwa mtoto wa kwanza wa Bibi Ekua Nyarkoa, mkaushaji wa samaki kwa moshi, na Bwana Joseph Ackon, mpimaji wa mbao, na kwa kuwa ilikuwa Jumanne jina la Araba halikuhitaji kikao, lilikuja naye, ila hilo la Otuwa lilisubiri siku ya nane kama ilivyo desturi.

Alianza shule ya misheni Januari 1954, na inasimuliwa kwamba mwaka 1959, akiwa darasa la sita, aliandika insha kuhusu chura aliyerukaruka kando ya kisima, lakini neno la kurukaruka, ambalo Waingereza huliandika "hopping", yeye akaliandika kwa p moja, likawa "hoping", yaani kutumaini, na mwalimu wake, Bwana Acquaah, akamwita mbele ya wenzake akamwuliza, "Araba, huyu chura wako anatumaini nini?" Darasa lilicheka mpaka wa darasa jirani wakachungulia, lakini Araba hakulia, alisimama akifikiri, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa nini p moja isitoshe?" Bwana Acquaah, ambaye alikuwa mtu mwema na mwenye darasa la watoto wengi, akajibu, "Kwa sababu ni mbili. Kaa chini." Araba alikaa chini, ila jibu hilo halikukaa naye, na familia inaamini kwamba maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa ni kulikataa kwa adabu.

Alimaliza shule ya kati Juni 1964, akafundisha kwa muda bila cheti, kisha mwaka 1966 akaingia chuo cha ualimu huko Cape Coast, na huko alikutana na mkufunzi kutoka Uingereza, Bi Hartley, mtu wa Leeds, akaona kwamba hatimaye amempata mwenye mali, akamwuliza kwa nini e ya mwisho huondoka neno likiongezewa "ing", na huondoka kwenda wapi. Bi Hartley alifikiri sana, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, sijawahi kuiona ikiondoka." Araba alirudi bwenini akistaajabu, kama mgeni aliyekutana na mwenye nyumba asiyejua nyumba yake ina milango mingapi, na tangu siku hiyo aliacha kuwauliza wenyewe, akaanza kuiangalia lugha yao kama tunavyoiangalia familia ngeni iliyohamia mtaa wa pili, nani humpisha nani, nani hali na nani.

Alihitimu mwaka 1970 na kurudi kufundisha hapa nyumbani, akiwa na maelezo ambayo wengi wenu mlioko hapa mnayakumbuka kuliko katekisimu. Alifundisha kwamba e ya mwisho ni mtoto mkimya aliyekalia kigoda, akiingia mgeni mwenye sauti, yaani anayeanza kwa irabu, kama "ing" au "ed", huinuka na kumpisha, lakini akiingia asiyeanza kwa sauti, kama "ful", haoni sababu ya kuinuka, ndiyo maana "hopeful" ina e yake palepale. Alifundisha kwamba y iliyokaa peke yake hubadili nguo ikawa i wageni wanapokuja, "carry" ikawa "carried", isipokuwa ikiwa ubavuni mwake ameketi mkubwa mwenye sauti, kama katika "play", hapo haibadili kitu, ila mgeni akiwa ni "ing" y haithubutu kugeuka i, maana i mbili ni wake wawili kwenye jiko moja. Na kuhusu maneno yanayoishia kwa kuzomea, kama "church", alisema hayawezi kuongezewa s kavukavu kwa sababu mtu hawezi kuzomea mara mbili bila kuvuta pumzi katikati, na e ndiyo pumzi yenyewe.

Kuhusu maisha ya ndoa, mwaka 1973, kwenye kituo cha malori cha Mankessim, Araba aliona lori jipya lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu "GOD IS COMMING", akaacha mihogo yake kwa muuzaji, akamtafuta mchoraji mpaka akampata chini ya lori jingine, na mazungumzo yao, kama marehemu mumewe alivyopenda kuyasimulia, yalikuwa haya. "Kaka, kwa nini m mbili?" "Dada, nafasi ilibaki." "Nafasi ilibaki?" "Ningeweka moja, Mungu angeegemea upande wa dereva." Mchoraji huyo, Bwana Kobina Ewusi, aliongeza na kupunguza herufi kwa kipimo cha ubao maisha yake yote na hakuwahi kukosa kazi, na Jumamosi tarehe 24 Novemba 1973 walifunga ndoa katika kanisa hili, kila mmoja akiwa na tumaini la kumrekebisha mwenzake, na hadi Bwana Ewusi alipofariki mwaka 2001 hakuna aliyefaulu. Mungu aliwajalia watoto watatu, Kwamena, Efua Takyiwa na Ebo, ambao wako mbele yenu, na wajukuu sita.

Septemba 1979 ndipo alipoanzisha lile darasa, la watoto waliofeli Kiingereza kwenye mtihani wa kumaliza shule, ambao wakati ule hawakuwa na pa kwenda ila baharini au sokoni, akaomba chumba cha kuhifadhia majembe nyuma ya shule, akapewa, majembe yakabaki humohumo. Watoto hao walishindwa zaidi na jambo moja, kujua ni lini herufi ya mwisho huwekwa mara mbili katika maneno marefu, kwa kuwa jambo hilo hutegemea uzito wa neno umeangukia wapi, na uzito wa Kiingereza hautabiriki, hutembeatembea. Araba akatoka nyumbani kwake na kinu cha kutwangia mihogo ya fufu na mchi wake, akakiweka mlangoni, akamwambia kila mtoto alitamke neno huku akitwanga, ili mchi uanguke pale neno linapokuwa zito, ukiangukia mwishoni kama katika "begin" herufi inapata mlinzi wa pili, ukiangukia mwanzoni kama katika "open" herufi inajitosheleza, na hivyo asubuhi nzima shule ilisikika kama nyumba yenye karamu isiyokuwa na chakula.

Juni 1981 alikuja mkaguzi kutoka makao makuu ya mkoa, Bwana Nunoo, akasimama mlangoni, akawatazama watoto waliokuwa wakitwanga kinu kitupu, akauliza, "Mnatwanga nini hapa?" Mtoto mmoja akajibu, "Kiingereza, mheshimiwa." Mkaguzi akamgeukia Araba, "Mwalimu, hii si kutwanga maji kwenye kinu?" Araba akasema, "Mheshimiwa, hata maji bado hatujapata, tunaanza na kinu." Bwana Nunoo akauliza kwa nini uzito wa neno uwe na habari na idadi ya herufi, Araba akamwambia hajui, yeye mwenyewe anaulizia tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, na kama mheshimiwa atasikia lolote huko mkoani amletee. Mkaguzi alivua koti akajaribu mchi kwa neno la "visit", kisha "admit", akarudia, akachelewa gari, akala dokono, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga pamoja na watoto, na taarifa yake, iliyofika miezi minane baadaye, ilikuwa na sentensi tatu tu, kwamba mbinu hii haijaidhinishwa, kwamba inafanya kazi, na kwamba ichunguzwe, na kwa kadiri familia inavyofahamu ingali ikichunguzwa.

Walimu wengi walipokuwa wamekwenda Nigeria kutafuta maisha Araba alibaki, na mwaka 1984 ofisi ya wilaya ilitoa waraka kwamba kila shule ihesabu mali zake, madawati, mbao, vyoo na madarasa, na kumtaja mwenye kila kitu. Karani aliyetumwa, Bwana Fiifi Quainoo, kijana wa hapa pwani, alipofika kwenye chumba cha majembe hakukiona popote katika karatasi zake, akamwuliza mwalimu mkuu, "Darasa hili la nani?" na mwalimu mkuu, kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu, akasema, "La Araba." Mtu wa kutoka kwingine angeelewa kwamba Araba ndiye anayelifundisha, lakini Bwana Quainoo alikuwa mtoto wa nyumba, kwake kitu kikiwa cha mtu ni cha mtu, kama shamba au kigoda, akaandika mahali pa mwenye mali, Araba Otuwa Ackon.

Kosa hilo, kama ni kosa, lililisitiri darasa kwa miaka thelathini na mitano. Ziliposafishwa orodha za madarasa mwaka 1987 lake halikuguswa, kwa kuwa halikuwa kwenye orodha ya madarasa bali ya mali, na alipotimiza miaka sitini mwezi Machi 2008 ofisi ilimstaafisha mwalimu, kisha ikagundua kwamba imemstaafisha mwalimu lakini haina mamlaka ya kumnyang'anya mwenye mali, basi Jumatatu iliyofuata akafika kazini kama kawaida, na chaki zikaendelea kuja kwa jina lake. Mwaka 2016 tu ndipo ofisi ilipoandika kwa heshima zote kwamba darasa litaendelea kuwa lake maishani mwake, na kwamba litafungwa atakapofariki. Alipousoma waraka huo alisema, "Sasa wamenipa kazi ya kutokufa," na akajitahidi.

Agosti 2018 alianza kusumbuliwa na figo na shinikizo la damu, akatibiwa Saltpond, kisha akahamishiwa hospitali ya mkoa, Cape Coast, ambako aliuguzwa na Esi Amoasiwa, mtoto wa mdogo wake, mwalimu wa watoto wadogo hapa Amisakrom. Esi alimsihi apumzike, naye akajibu, "Nikipumzika, wao Jumatatu watafanya nini? Wamefika wapi?" "Wamefika kwenye y, mama mkubwa." "Wasiiharakishe y. Nani anawafundisha?" "Hakuna mtu, wanafundishana." Akasema, "Hiyo ni nzuri kwa wiki mbili tu." Alifariki Jumamosi tarehe 2 Februari 2019, saa kumi na moja alfajiri, na Jumatano kabla hatujamaliza kupokea wageni wa msiba mlango wa darasa ulikuwa na kufuli la wilaya.

Ndugu waombolezaji, kwa desturi yetu aliyekufa hupata mrithi, anayekaa mahali pake, akachukua mali yake na mizigo yake, na kwa kawaida jambo hili hufanywa baada ya mazishi, lakini safari hii ukoo uliharakisha, ukakaa jana Ijumaa chini ya mkuu wa ukoo, Egya Ansa, ukamchagua Esi Amoasiwa. Esi alisita, akasema, "Egya, mimi mtihani huo nilifeli mara mbili, nyote mnajua." Egya Ansa akasema, "Ulifeli mara mbili, ukatwanga miaka miwili, ukafaulu. Tungemrithisha darasa hilo mtu aliyefaulu mara ya kwanza, angelijulia wapi?" Akakalishwa kigodani mara tatu kama inavyotakiwa, na wanawake wakampaka unga mweupe wa heri.

Mkurugenzi wa elimu wa wilaya, ambaye tunamshukuru kwa kuja kutupa pole jioni ile bila kujua anachokuja kukikuta, alielezwa, akasikiliza kwa utulivu, kisha akasema, "Wazee wangu, darasa halirithiwi. Ofisi haina utaratibu huo." Egya Ansa akamwuliza, "Katika vitabu vyenu, darasa lile ni mali ya nani?" "Ya marehemu." "Na mali ya marehemu, ninyi ofisini kwenu, huwa mnaipeleka wapi?" Mkurugenzi alimtazama Bwana Quainoo, ambaye sasa ni karani mkuu na anakaribia kustaafu yeye mwenyewe, na Bwana Quainoo akasema polepole, "Kwa mrithi, mheshimiwa. Hakuna pengine pa kuipeleka." Mkurugenzi akaomba maji, akanywa, akasema atahitaji jina kamili la mrithi na tarehe ya kuzaliwa, na leo asubuhi, kabla ya jeneza kutoka nyumbani, Bwana Quainoo amekuja na ufunguo, akamkabidhi Esi mbele ya mama yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Saltpond na Cape Coast, hasa wauguzi wa zamu ya asubuhi waliovumilia kuulizwa maswali, majirani waliopika na kufua, walimu wenzake, madereva wa Mankessim waliotoa magari, na ofisi ya elimu, kwa yote iliyofanya na kwa yale mengi iliyochelewa kuyafanya. Wazazi wenye watoto wa marudio, waleteni keshokutwa Jumatatu, saa mbili kamili, mlango utakuwa wazi.

Mwalimu Araba Otuwa, swali lako limejibiwa, na haya mengine tutaendelea kuyauliza sisi. Pumzika kwa amani.