Bi Chaki na Mistari Isiyofutwa

Mama yetu mpendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Chaki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1950, kitinda mimba wa seremala na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba. Aliwahi kuadhibiwa kwa kuchora maua juu ya dawati. Akalisugua likatakata, kesho yake akayachora upya, safari hii uvunguni.

Mwaka 1968 aliajiriwa kwenye karakana ya mifarishi, yale matandiko ya viraka yenye pamba katikati. Kazi yake ilikuwa kuchora kwa chaki mistari ambayo washonaji wangeifuata ili pamba isijikunje ndani. Msimamizi alitaka miraba mitupu. Yeye alilitandaza tandiko mezani, akalizunguka akiguna, kisha akachora mawimbi.

"Nani kakuruhusu?" msimamizi alifoka.

"Kitambaa chenyewe."

Alivumiliwa hadi 1974, akafukuzwa. Juma lililofuata sebule yake ilikuwa karakana.

Hapo ndipo alipofika baba yetu, dereva wa lori, kuagiza mfarishi wa mistari iliyonyooka. Akapewa wa mawimbi.

"Nilisema iliyonyooka!"

"Kwani wewe unalala umenyooka?"

Alirudi kulalamika, akarudi tena, hadi malalamiko yakageuka posa. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975.

Februari 2021 kiharusi kilimpooza mkono wa kulia. Wengi walisema basi, kazi imekwisha. Aliporudi nyumbani alidai chaki, akatandaza mfarishi wa mjukuu, akachora kwa mkono wa kushoto. Mistari ikatetemeka, ikapinda. Dada yetu mkubwa akaleta kitambaa kibichi aifute, aichore upya kwa rula.

"Weka chini hicho," mama alisema, maneno yakimtoka kwa shida.

"Mama, imepinda."

"Naiona. Macho hayajapooza. Shona ilipopita."

Dada alishona huku machozi yanamtoka, kona kwa kona. Mama akachora mfarishi mwingine, na mwingine tena. Hakuna mstari uliofutwa.

Alifariki dunia nyumbani, mchana wa tarehe 2 Juni 2023, mfarishi wake wa mwisho ukiwa umechorwa nusu. Jamaa wametushauri tumtafute fundi aumalizie. Tunawashukuru, lakini hapana. Tutashona hadi alipoishia. Pamba ikijikunja huko mbele, na ijikunje.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu sita, wote wabishi kama yeye.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema.