Bi. Muriel Tunnicliffe na Wabunge Wake Watano

Ijumaa tarehe 30 Aprili 2010, saa kumi na moja jioni, Bi. Muriel Tunnicliffe, Karani wa Kumbukumbu, atavua miwani, atafunga kabati lake na kustaafu rasmi, baada ya kuutumikia Ukumbi wa Mji wa Ockenford kwa miaka thelathini na minane. Halmashauri, kwa ukarimu wake unaojulikana, imemwandalia chai, mikate iliyotiwa tango na hotuba tatu. Tuliomba hotuba zipunguzwe. Ikapunguzwa mikate.

Hastaafu peke yake. Jimbo la Ockenford, lililoanza kupeleka wabunge London mwaka 1306, nalo linafutwa majira haya. Wataalamu wa mipaka waliitazama ramani, wakauona mji wetu, wakaukata katikati ya soko. Sasa muuza samaki atapiga kura jimbo moja, na mizani yake itabaki jimbo la pili.

Bi. Tunnicliffe ni binti wa fundi viatu wa Mtaa wa Kiwandani. Aliajiriwa Aprili 1972, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, akapewa kazi mbili. Ya kwanza ni kutunza kumbukumbu za wabunge wote wa mji huu. Ya pili ni kufungua Chumba Namba Nne kila Jumamosi asubuhi, ili Mbunge akutane na wananchi na kusikiliza shida zao. Kazi ya kwanza ilimfundisha wabunge wetu walikuwaje zamani. Ya pili ilimhakikishia kwamba hawajabadilika.

Mwaka 1981 Halmashauri ilimwomba aandike historia ya wabunge hao kwa ajili ya sherehe za mji. Alijifungia na makaratasi kwa miezi kumi na minne. Akagundua kwamba wabunge wetu wa kwanza, wafanyabiashara wawili wa sufu, walichaguliwa kwa sababu siku ya uchaguzi hawakuwepo kukataa. Mmoja alitafutwa siku tatu, akakutwa ghalani kajifunika manyoya ya kondoo. Karne ya kumi na nane mji ulikuwa na wapiga kura thelathini na wawili, wote wapangaji wa bwana mmoja, nao walimchagua mpwa wake, Peregrine Vane, kwa miaka ishirini na tisa mfululizo. Vane alisimama kuzungumza Bungeni mara moja tu, kulalamika kwamba mtu ameikalia kofia yake. Ockenford alifika mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ndani ya jeneza.

Meya wa wakati ule aliposoma rasimu, alimwita ofisini. Mimi, bawabu, nilikuwa napeleka makaa, nikasikia yote.

“Bi. Muriel, ina maana katika karne zote hizi hakuna hata mmoja mwenye sifa?”

“Yupo mmoja, Bwana Meya. Yule wa mwaka 1547.”

“Enhe! Alifanya nini?”

“Alifariki njiani akienda.”

Kitabu kilichapishwa nakala mia mbili, na zote zikahifadhiwa kwa heshima kubwa katika ghala la chini, pale panapovuja.

Katika utumishi wake alihudumia wabunge watano. Wanne walikuwa wa kawaida: walikuja, wakapiga picha na wagonjwa, wakaondoka. Wa kukumbukwa ni Mheshimiwa Lionel Gaunt, aliyetuwakilisha kwa miaka kumi na minane kuanzia 1979. Miezi mitatu ya mwanzo alihudhuria Chumba Namba Nne bila kukosa. Baada ya hapo akaingia mitini. Kila Jumamosi simu ililia saa tatu kasorobo: “Muriel, mama, nimebanwa. Waambie nawapenda.”

Bi. Tunnicliffe hakuwaambia kwamba wanapendwa. Foleni ilikuwa tayari imefika ngazini: mzee aliyenyimwa pensheni, mama mwenye nyumba inayoota ukungu. Alianza kwa kuandika malalamiko yao tu, akimsubiri Mheshimiwa. Mheshimiwa hakuja. Basi akaanza kuandika barua mwenyewe, na chini akipiga chapa: “Kwa niaba ya Mbunge.” Zilikuwa barua kali na fupi, na zilijibiwa. Magazeti ya wilaya yakamtangaza Mheshimiwa Gaunt kuwa Mbunge mchapakazi kuliko wote katika eneo letu. Naye hakukanusha, maana ni mtu mnyenyekevu.

Agosti 1985 akaja Bi. Ivorine Bascombe, mpishi wa shule ya msingi. Alitoka Barbados akiwa na miaka kumi na tisa, akaishi hapa miaka ishirini na miwili, akawapikia watoto wa nusu ya mji huu, wa kwangu wakiwemo. Mkononi alikuwa na barua ya ofisi moja ya London: karatasi zake hazikutosheleza, hivyo aondoke nchini. Bi. Tunnicliffe aliwaandikia barua kumi na nne. Alhamisi moja wakamjibu kwamba wanahitaji saini ya Mbunge mwenyewe, wino halisi, kabla ya Jumatatu saa sita mchana. La sivyo, faili linafungwa na mama anaondoka.

Mbunge alikuwa Uskoti, anawinda kwale.

Bi. Tunnicliffe aliomba ruhusa, akanyimwa. Ijumaa akapanda treni bila ruhusa. Kesho yake mimi nilikalia kiti chake katika Chumba Namba Nne, nikawaambia watu kumi na moja “pole sana,” ndiyo yote niliyoweza. Yeye alikuwa amepewa lifti na gari la mkate hadi mwisho wa barabara, akapanda kilima kwenye matope akiwa na viatu vya ofisini, milio ya bunduki ikimwonyesha njia. Amenisimulia mara nyingi, nami huomba arudie.

Mheshimiwa alikuwa amekaa juu ya jiwe, anakula pai ya nyama.

“Muriel? Kulikoni, nani amekufa?”

“Hajafa mtu, Mheshimiwa. Tia saini hapa.”

“Huyu Bascombe ni nani?”

“Ni mpiga kura wako. Unampigania tangu mwezi uliopita.”

“Mimi?”

“Umeandika barua kumi na nne. Nzuri mno.”

Mheshimiwa alizisoma zote pale pale, pai ikipoa, uso ukizidi kung’aa. Akasema, “Kumbe mimi ni hodari hivi!” Akatia saini.

Jumatatu saa tatu asubuhi Bi. Tunnicliffe alikuwa mlangoni pa ofisi ile ya London, na hakuondoka mpaka alipopewa stakabadhi. Wiki tano baadaye Bi. Bascombe alipata kibali cha kuishi hapa maisha yake yote. Mwaka uliofuata Mheshimiwa Gaunt alitunukiwa nishani kwa kuwajali wapiga kura wake. Katika hotuba yake alimshukuru mkewe, daktari wake na mbwa wake wawili.

Bi. Tunnicliffe naye hakusahauliwa. Aliitwa na Mkurugenzi, Bw. Hubert Stoddart, ambaye sasa ni marehemu, kwa hiyo nitakuwa mpole.

“Kazi yako ni kufungua mlango, Bi. Tunnicliffe, si kuongoza nchi!”

“Nilifungua, Bwana Mkurugenzi. Wakaingia watu.”

Alipewa onyo la maandishi, na kwa miaka tisa hakupandishwa cheo. Siku ile nilimkuta chumba cha kumbukumbu, amegeukia kabati, anajifanya anatafuta faili. Nilienda kumletea chai, tukainywa. Ndiyo siku pekee niliyomwona akilia, na sitaki kuifanyia mzaha. Jumamosi iliyofuata alifungua Chumba Namba Nne saa tatu kamili.

Mwezi huu Bunge limevunjwa. Kisheria, kwa sasa Ockenford haina mbunge, na tangazo la jambo hilo nililibandika mimi mwenyewe mlangoni, kwa herufi kubwa. Jumamosi iliyopita watu tisa walipita mbele ya tangazo hilo, wakapanda ngazi, wakapanga foleni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Mbunge yuko wapi. Bi. Tunnicliffe aliwasikiliza wote, na akachelewa chakula cha mchana.

Kuanzia Mei, mbunge mpya wa upande huu wa soko atapatikana mji wa jirani, maili kumi na nane kutoka hapa, Jumanne, kwa miadi. Tunamtakia utulivu, na hatuna shaka ataupata.

Kwako, Bi. Muriel, tunasema asante kwa kila barua, tukikuombea afya, bustani yenye maua na asubuhi za kuamka utakapo. Umetuomba tusichapishe anwani ya nyumbani kwako katika jarida hili, ili upumzike. Tumetii. Hata hivyo, hakuna mtu Ockenford asiyeijua.

Cedric Mottram,
Bawabu Mkuu