Mashine Iliyoitwa Mamamkwe

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na wewe kifungua mimba zima hiyo redio, haya ninayoyasema sitayarudia.

Nyumba hii ni yenu wote watatu, asiuze mtu hata bati moja. Mashua nayo ni yenu wote. Ila mashine yake, ile kuukuu ambayo marehemu baba yenu aliibandika jina la Mamamkwe kwa sababu haiwaki mpaka uibembeleze, hiyo nina neno nayo.

Baba yenu alipofariki, machozi hayajatukauka, baba yenu mdogo alisimama hapo penye kabati akaniambia, "Shemeji, niachie chombo. Ile mashine haimtii mwanamke." Nilishuka mtoni nikavuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka, abiria wananicheka, mmoja akaniuliza kama nachota maji kisimani. Lakini nikaisoma tabia yake: ukiivuta kwa hasira inajaa petroli na kununa, ukiivuta taratibu, ukaiacha ipumue, kisha ukavuta mara moja kwa nguvu, inakohoa, inaitika. Kwa mashine hiyo mmekula, mmevaa, mmesoma.

Kisha mto ukafurika. Baba yenu mdogo alikuwa na mashine yake mpya, inang'aa, ikagonga gogo ikavunja propela, mashua ikawa inachukuliwa na maji na watu ndani wanalia. Wanaume wenye vyombo walibaki ukingoni wanatazamana. Mimi nikaingia. Katikati ya mto Mamamkwe akazima. Nikafungua plagi, nikaifuta kwa pindo la nguo, nikairudisha, nikamwambia, "Leo usiniaibishe mbele ya shemeji." Akawaka. Nikawatupia kamba, nikawaburuta mpaka nchi kavu, hakupotea hata mmoja. Baba yenu mdogo alivua kofia, akasema, "Ahsante, nahodha." Kinyongo changu nilikiacha majini siku ile, nanyi msikiokote. Mtunzeni baba yenu mdogo, amezeeka.

Sasa, Mamamkwe nampa binti yangu wa katikati. Kifungua mimba, usinune. Una moyo mzuri ila mkono wako una hasira, nimekuona ukiipiga teke. Na asije mtu kuwaambia ni chuma chakavu cha kupima kwenye mizani. Mtu akiita kutoka ng'ambo, mto umejaa, nendeni, hata kama ni yule aliyewatukana jana.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mnizike ng'ambo, kando ya baba yenu, na mnivushe asubuhi, gati likiwa limejaa watu, wanione nikipita. Binti yangu, uendeshe wewe, usimwachie mtu.

Mungu awape... awape mikono yenye subira, na nyumba isiyokosa kicheko. Radhi zangu mnazo, wanangu, zote... mnazo tangu zamani. Kazi tu ilikuwa nyingi... sikupata nafasi ya kuwaambia.