Kadi Inayotuma Boti

Kijiwe chetu kipo Kibiti, ng'ambo ya barabara ya Lindi ukitokea stendi, kati ya fundi pancha na duka la dawa. Ni mabenchi mawili ya mbao na jiko langu la mkaa. Mimi ndiye Gharibu, muuza kahawa, na mtu akikwambia kijiwe hiki ni cha wazee au cha chama fulani, mwambie aje aniulize mimi. Birika ni langu, vikombe ni vyangu, na birika likiisha baraza limekwisha, maana sichemshi mara mbili. Jumatatu ile asubuhi waliwahi watu wanne. Kuna Mrisho, tunayemwita Waziri, karani mstaafu wa halmashauri, ambaye tangu nimjue hajaulizwa jambo akasema halijui. Kuna Abdulrazaq wa bodaboda, jina lake Mita Mia, kwa kuwa kila unakokwenda yeye husema ni mita mia tu. Halafu Sabra na Abbasi, mawakala wa bima ya afya, wenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Walikuja na mikataba mitatu ya kampuni tatu, na saa nne afisa wa kampuni mojawapo alikuwa anakuja kuchukua saini.

— Si msaini yote mitatu, alisema Waziri hata kabla ya kupokea kikombe. Uzeni zote, mteja achague mwenyewe.

— Hawataki, Sabra akamjibu. Ukiwa wakala wao, huuzi kadi ya mwingine. Ni moja tu.

— Basi hiyo moja ni Ngao ya Kaya, akasema Abbasi. Kamisheni nzuri, na wakala anapewa pikipiki. Mpya! Inakuja leo hii kwenye pikapu.

— Pikipiki unaijulia wapi wewe? Mita Mia akamcheka. Juzi umepanda yangu umefumba macho kutoka Nyamwage mpaka hapa.

— Nitajifunza.

— Haya, jifunze. Nyamwage utafika, Utete utafika. Na Salale je? Utaiendesha juu ya mikoko?

Hapo Sabra akainamisha kichwa kwenye makaratasi, nami nikamkodolea macho Mita Mia anyamaze.

Lazima nieleze. Mama yake Sabra, marehemu Mwamini, alikuwa mtu wa Salale, huko delta, kusiko na barabara, kuna maji na mikoko. Mwaka juzi Sabra aliwauzia watu wa Salale kadi za kampuni ambayo sitaitaja, maana nikiitaja nitapoteza udhu. Kijitabu chao kilisema usafiri wa dharura wa mgonjwa umo. Sabra naye akawaambia usafiri umo. Kwa mtoto wa watu wa delta, kusafiri ni kupanda boti, wala hakuona haja ya kuuliza zaidi. Kumbe ukurasa wa mwisho, ambao hakuufikia, ulisema ni gari. Siku Zamda, mkwe wa mama mmoja wa huko, Bi Waride, alipopatwa na uchungu kabla ya wakati, walipiga ile namba iliyo nyuma ya kadi. Wakaambiwa wampeleke mgonjwa barabarani, gari litamkuta hapo. Boti za kijiji zote zilikuwa zimekwenda kuvua kamba, ikabidi wangoje mpaka maji yajae zirudi. Zamda alipona. Mtoto hakupona. Kampuni hakuna aliyeijua sura yake huko Salale. Sura waliyoijua ni ya Sabra. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwao, na mimi kila nikikumbuka hasira inanipanda upya, ingawa si juu yake.

Kwa hiyo ile "moja tu" ilikuwa nzito. Akikosea mara ya pili, kwao hakuna tena.

— Sikilizeni, akaanza Waziri, akivuta kashata ya pili ambayo sikumbuki kumpa. Kampuni hupimwa kwa kalenda. Iliyochapisha kalenda ya ukutani ina nia ya kuwepo mwaka mzima. Inayogawa kalamu, wino ukiisha na wao wameisha.

— Afueni Bora wamegawa fulana, akasema Abbasi.

— Fulana! Hao kimbia. Fulana ikifuliwa mara tatu jina linafutika. Utamdai nani?

— Acha fiksi, Waziri, Mita Mia akaingilia. Mimi naangalia viatu. Nimewabeba maafisa wote watatu. Yule wa Shifaa Mwambao, kiatu kinang'aa mpaka nikajiona. Mtu hajawahi kukanyaga tope huyo. Atajuaje mgonjwa wa masika?

— Kiatu kinapigwa rangi, kijana.

— Na kalenda inachapishwa, mzee.

— Mnajua nini? Waziri akashusha sauti, na sisi kwa ujinga wetu tukasogea. Hizi kampuni tatu mwenyewe ni mmoja. Nawaambia! Maafisa wote wanalala gesti moja. Wanakula chapati meza moja. Mmoja akilipa, wawili hawashukuru. Watu wasiojuana hushukuriana.

— Sasa akiwa mmoja, kwa nini asitoe kadi moja? akauliza Abbasi.

— Ili mkishaichoka ya kwanza mkimbilie ya pili. Mnamkimbia yeye, mnamkuta yeye.

Abbasi akacheka mpaka kahawa ikampalia. Mita Mia hakukubali kushindwa.

— Mimi nimesikia kubwa kuliko hilo. Wana setilaiti. Inapita juu ya Kibiti kila Alhamisi inaangalia nani anakohoa. Ukikohoa Alhamisi, Ijumaa kadi yako imefungwa.

— Ndiyo maana Alhamisi ile nilikohoa nikapigiwa simu! alisema Waziri.

— Ulipigiwa na nani?

— Nilipigiwa, ikakatika.

— Hebu nyamazeni, Sabra akasema. Alikuwa hajagusa kikombe chake. Nyie mnachezea. Mimi nikisaini hapa, ni jina langu linakwenda kwa watu. Si la kalenda, wala la setilaiti.

— Dada Sabra, akasema Abbasi kwa upole, maana si mtu mbaya, ni pikipiki tu iliyokuwa imemwingia. Tukisubiri, mwezi huu unapita bure. Watasaini mawakala wa Ikwiriri, sisi tutabaki na ofisi na feni mbovu.

— Najua.

— Sasa?

— Sasa nasoma. Safari hii nasoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Kweli alikuwa anasoma, kidole chini ya kila mstari. Basi ndipo akashuka mama mmoja kwenye bodaboda iliyotoka upande wa Nyamisati, zinakofikia boti za delta, ndoo ya kamba wakavu mkononi, pindo la khanga limelowa maji ya chumvi. Mimi nilimjua kabla hajafika. Sabra alimjua kabla yangu, kwani alisimama, makaratasi yakamwanguka. Alikuwa Bi Waride wa Salale.

— Asalaam aleikum.

— Waaleikum salaam, tukajibu wote.

— Shikamoo, mama, akasema Sabra.

— Marahaba.

Hakumtaja jina. Aliketi mwisho wa benchi, akaweka ndoo miguuni, nami nikammiminia kahawa bila kumuuliza.

— Nimetumwa, akasema. Kikundi chetu cha kina mama, kaya arobaini. Tumesikia kuna kampuni mpya na wewe ndiye unayechagua. Wengine wamesema nisije. Mimi nimesema nitakuja, nitauliza moja, nirudi. Boti yetu inaondoka na maji ya mchana, sina muda wa maneno.

— Uliza, mama.

Bi Waride akatazama ile mikataba mitatu juu ya benchi.

— Katika hizi, kadi ipi inatuma boti?

Abbasi alichukua mkataba wa Ngao akaupekua kutoka nyuma kwenda mbele. Mita Mia alifungua mdomo, nikadhani atasema mita mia, akaufunga. Sabra alipitia ule wa Afueni, kisha ule wa Shifaa. Wote tukamgeukia Waziri, kwa mazoea.

— Sijui, akasema Waziri.

Naapa, miaka kumi na miwili ya birika hili, sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Lilinitia hofu kuliko setilaiti.

— Hii imesema gari la wagonjwa, Sabra akasema polepole. Hii nayo gari. Na hii gari, tena kwenye barabara inayopitika.

— Basi nimejibiwa, akasema Bi Waride, akashika ndoo yake.

— Ngoja kidogo, mama. Tafadhali. Huyo mwenye gari anakuja.

Na alikuja. Pikapu nyeupe ilisimama mbele ya fundi pancha, nyuma pikipiki nyekundu imevishwa nailoni. Afisa wa Ngao ya Kaya alikuwa kijana mpole mwenye tai, akatusalimia vizuri mmoja mmoja, akampa Abbasi ufunguo wa pikipiki kabla hata ya saini. Abbasi aliukamata kwa mikono miwili.

— Tuko tayari? akauliza afisa.

— Nina swali la huyu mama, akasema Sabra. Usafiri wa mgonjwa umo?

— Umo! Gari la kisasa kabisa, lina oksijeni.

— Litapita wapi mpaka Salale?

Afisa akaangalia barabara ya Lindi upande huu na upande ule, kama anayetafuta njia ya kuchepukia.

— Mgonjwa atasogezwa mpaka gari linapofika.

— Atasogezwa na nani? akauliza Bi Waride.

Hakupaza sauti. Afisa akalegeza tai.

— Mama, hilo nitalichukua kama maoni, nilifikishe makao makuu.

Sabra akaninyooshea mkono.

— Mzee Gharibu, nipe kalamu.

Nilikuwa nayo sikioni, ya kuandikia madeni ya Waziri. Akaichukua, akafungua ukurasa wa mwisho wa mkataba wa Ngao, na palipoandikwa gari la wagonjwa akaongeza kwa mkono wake: *na boti*. Akafanya hivyo kwenye Afueni. Akafanya hivyo kwenye Shifaa. Hakutia saini hata mmoja.

— Dada, akasema afisa, akiwa bado mpole, mkataba hauandikwi na wakala.

— Uliandikwa na nani?

— Na wanasheria wetu, Dar.

— Wameshapanda boti?

— Sidhani.

— Basi mimi nimepanda. Nimezaliwa na mtu wa boti, na mtoto wa watu amezikwa kwa sababu sikulitafuta neno hili. Mkilikubali, pigeni muhuri hapo, mimi nasaini hata kwenye boneti ya gari lako. Mkilikataa, Salale haiuzwi. Hii mingine miwili naipiga picha sasa hivi nawatumia wenzako, unaolala nao gesti moja.

Waziri alinikonyeza kwa hiyo gesti.

— Nikirudi bila saini, nafasi hii wanapewa wa Ikwiriri, akasema afisa. Na pikipiki pia.

— Wape.

Wote tukamtazama Abbasi. Alikuwa amesimama pembeni ya pikapu, kiganja juu ya nailoni, na nikaona jinsi alivyotaka ile pikipiki. Mtu mzima nusura alie. Kisha akamrudishia afisa ufunguo.

— Chukua, kaka. Haipandi juu ya mikoko.

— Nyie watu wagumu, alisema afisa, lakini aliukunja ule mkataba wenye neno la Sabra akautia mfuko wa shati, hakuuchana. Pikapu ikageuza kuelekea Dar. Abbasi aliisindikiza kwa macho mpaka ilipofunikwa na basi la Lindi.

— Wakikataa wote watatu? akauliza kwa sauti ndogo.

— Tutauza vitumbua, akasema Sabra. Kaa unywe kahawa.

Akapiga picha zake, akazituma. Simu ikakaa kimya juu ya benchi, na sisi tukaitazama, hakuna aliyekuwa na nadharia tena. Nikainua birika kumwongezea Bi Waride, zikatoka matone mawili na machicha.

Bi Waride alisimama. Mita Mia akawahi kuwasha pikipiki ampeleke Nyamisati, akasema leo si mita mia ila nauli hataki.

— Nimeuliza moja, nami nimejibiwa gari tu, akasema Bi Waride. Kule wananingoja gatini. Nikawaambie nini?

— Waambie sijasaini.

— Hilo tu?

— Hilo tu, mama. Sina kadi, sina kampuni. Sijasaini.

Bi Waride akafungua ndoo, akachota kamba wakavu kwa kiganja mara mbili, akawaweka kwenye kisahani cha kashata mbele ya Sabra.

— Nitawaambia Sabra wa Mwamini hajasaini, akasema. Jumatano maji yanajaa saa nane. Nitakuletea boti Nyamisati. Njoo mikono mitupu hivyo hivyo, ukamwone Zamda.