Mama Laurentine Tshiela na Pombe ya Kutoa Kilio

Marehemu Mama Laurentine Tshiela alizaliwa Sandoa tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Tata Josias Mulumba na mke wake.

Alisoma shule ya msingi ya misheni huko huko Sandoa hadi mwaka wa nne, kisha baba yake akaugua miguu, naye akaitwa shambani. Alijua kusoma Biblia yake, na hakuona haya kuuliza jambo asilolijua.

Kazi yake ilikuwa shamba na pombe. Mama yake alimfundisha kupika pombe ya mahindi na kimea cha ulezi katika vyungu viwili: wanawake wawili waliinua chungu, wakamwaga juu ya chujio, halafu wakayaosha machicha kwa maji ya moto mara ya pili.

Tarehe 30 Julai 1977 alifunga ndoa na Tata Antoine Mwenze, fundi wa mitambo. Walihamia Kolwezi, wakakaa Dilala katika nyumba za wafanyakazi wa migodi. Alipoivisha pombe, Mama Laurentine aliinama akatega sikio juu ya chungu. Tata Antoine alipenda kuwaambia wageni, "Huyu mwanamuke anasikilizaka pombe kama mutoto mugonjwa." Walizaa watoto watano, wakazika wawili.

Tata Antoine aliaga dunia tarehe 9 Agosti 2023. Katika ukoo wa Mwenze, mjane ndiye anayepika kwa mikono yake pombe ya kutoa kilio. Dada wa marehemu anakuwa wa kwanza kuinywa, kisha anamvua mjane kitambaa cheusi. Asiyepika anabaki katika kilio, hata kaburini.

Lakini moyo wa Mama Laurentine ulikuwa umeanza kuchoka. Miguu ilivimba, na daktari akamkataza kuinua kitu kizito. Wifi yake, Mama Kazadi, dada wa Tata Antoine, alisema wazi kwamba pombe ikipikwa na mwingine hataigusa. Joyeuse, binti mkubwa, alikuwa akimtazama mama yake akipumua, na hofu haikumtoka. Mama Laurentine yeye aliwaza chungu. Akasema atapika katika chungu kimoja tu: kimea ndani ya mfuko, mfuko ndani ya maji, kisha mfuko utolewe ujichuje wenyewe.

Papy, mwanawe anayechimba madini huko Fungurume, alimletea mfuko wa kubebea madini aliouosha. Maji yalipopata moto yakawa ya kijivu.

"Mama, nilisukula hii mufuko mara na mara!"

"Barafiki yako ya mu shimo banaweza kunywa mawe, Papy. Bantu ya kilio, hapana."

Akayamwaga maji yote, mbali na kuku. Joyeuse alishona mfuko mwingine kwa shuka jeupe. Safari hii pombe ilikuwa safi, ila nyepesi. Mama Kazadi alionja kijiko kimoja, akamgeukia wifi yake.

"Semeki, hii ni pombe ao ni maji ya kusukula sahani?"

"Ni maji yenye ilipita karibu na mahindi," Mama Laurentine akajibu, akacheka mpaka akakohoa.

Alikaa akafikiri. Zamani maji ya pili ndiyo yaliyotoa utamu uliobaki katika machicha. Sasa maji yote yanaingia kwa mara moja, na utamu unabaki mfukoni. Akaagiza kimea kisagwe laini zaidi, akakiongeza, akaweka sahani ndani ya chungu, chini ya mfuko, ili shuka lisiungue, na baada ya kuepua akakifunika chungu kwa blanketi muda mrefu. Papy akafunga kwenye boriti gurudumu la kamba, kama lile wanalopandishia mawe shimoni, ili mkono mmoja utoshe.

Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, Mama Kazadi akishuhudia, Mama Laurentine alishika kamba.

"Mama, acha mi nivute," Joyeuse alimwomba.

"Bwana yangu njo namupikia. Yako angali muzima, anakula bukari."

Akavuta. Mfuko ukapanda, ukaanza kudondosha. Alikaa kitini akautazama mpaka ukanyamaza.

Jumanne asubuhi, kabla pombe haijaiva, moyo wake ulisimama. Joyeuse alimkuta kitandani, kitambaa cheusi bado kichwani.

Jana mchana, mwili ulipoletwa nyumbani, Mama Kazadi aliomba kikombe cha ile pombe. Alikunywa mpaka mwisho, akafuta midomo, akaenda kwenye jeneza, akakivua kile kitambaa taratibu.

"Semeki, ni nzito," alisema. "Umemaliza. Enda kwa bwana yako."

Mama Laurentine ameacha watoto watatu, Joyeuse, Papy na Chancelle, wajukuu wanane, na wifi yake Mama Kazadi. Mungu amlaze pema karibu na Antoine wake. Kilio chake kimetolewa, na chetu kimeanza.