Sijida Iliyohamia Puani

Kwenye basi la Sokoto, Hajiya mmoja, mama muuza karanga, alimsalimia mzee aliyekaa naye, akamuulizia watoto, shamba na mbuzi, ndipo akafikia alichotaka tangu stendi. "Malam, huo mkunjo wa nyama unaotoka kwenye paji la uso mpaka puani ni wa nini?"

"Pua yangu ililiwa na kidonda," mzee akajibu. "Daktari akachana ngozi ya paji, akaigeuza, akanishonea pua mpya. Hakuikata yote, maana bado inanyonya damu ya huko juu. Leo ndiyo anaitenganisha."

Hajiya akasogeza uso kutazama. Nami kwenye kiti cha pembeni nikainama, nikajifanya natafuta kiatu. Kwenye ncha ya pua mpya palikuwa na duara jeusi, alama ya sijida ya miaka arobaini.

"Ukakubali wakuhamishie sijida? Siku ya Kiyama itakutolea ushahidi gani ikiwa puani?"

"Kwani wewe ukisujudu, pua unaiacha wapi?"

"Usinizungushe, Malam. Hiyo ni ya paji."

"Ilikuwa. Sasa imehamia, kwake ni huku."

"Mhamiaji ni mgeni tu, hata akijenga," akasema Hajiya, na abiria wawili wakaguna kumuunga mkono. Kwetu hilo halina mjadala.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mzee akainuka taratibu. "Hii ni pua, Hajiya. Tumemaliza."

Nzi akatua kwenye ile ncha nyeusi. Mzee akakunja uso, akainua mkono, akajikuna paji, pale alama ilipokuwa zamani.