Carina ya Mzee Yosamu Yakataa Tena

Pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Congo, mbele ya kibanda cha kahawa cha Ramula, kuna benchi ambalo kila anayelikalia hugeuka fundi. Wenyewe ni wawili: Sulaiti, aliyebandikwa jina la Fyuzi kwa sababu huungua upesi akibishiwa, na Baker, mwanajeshi mstaafu, ambaye wote humwita Afande. Jirani yao ni Mzee Yosamu, mwenye Carina kuukuu. Tangu amzike mkewe Evas, na watoto wakiwa wamehamia Kampala, gari hilo haliwaki asubuhi mpaka lisukumwe. Na desturi ya hapo ni moja: anayesukuma hunyweshwa kahawa na mwenye gari, na anayenyweshwa kahawa lazima aseme ugonjwa wa gari.

Asubuhi hiyo walisukuma, likakohoa, likawaka. Yosamu akazunguka sokoni, akarudi, akazima, akaagiza vikombe.

— Alternator hailishi betri, Fyuzi akaanza. Ununue betri kubwa, Mzee. Mtoto akililia wembe, mpe.

— Betri iko muzima, Afande akasema. Umeme inavuka mpaka. Hapa kila kitu inavuka usiku, kahawa, vitenge. Umeme ibaki inangoja nani?

— Inapita wapi, na gari haina waya ya kwenda Congo?

— Chini. Udongo iko na maji, na maji hufuata mkondo.

Yosamu alitikisa kichwa kama mtu anayefikiri. Ugonjwa aliujua. Wiki iliyopita, giza likiingia, aliona mwanga ukichungulia kwenye mpira wa mlango wa buti, nyuma ya gari: kufuli limepinda, taa ya ndani haizimiki, inanyonya betri usiku kucha. Kuichomoa ilikuwa kazi ya vidole viwili. Aliunyoosha mkono, kisha akaurudisha mfukoni. Gari likipona atakuja nani kumgongea mlango asubuhi? Nyumbani kulikuwa kimya, kimya kile cha sufuria moja na sahani moja, na alikiogopa.

Fyuzi naye hakukubali kushindwa na Congo.

— Basi ni redio. Mumeizima, lakini inakumbuka stesheni usiku muzima. Kukumbuka ni kazi, Afande. Inamaliza nguvu.

Hapo Yosamu aliinamia kikombe chake.

Shadiah, dada yake Ramula, alikuwa amefika jana kutoka Katwe na hakumjua mtu. Alikuwa akisuuza vikombe huku akiwasikiliza, na jambo moja lilimkera tangu mwanzo.

— Mzee, samahani. Wamekusukuma, umezunguka, umerudi bila kununua hata kitunguu. Ulikuwa unaenda wapi?

Miezi yote hiyo Fyuzi na Afande walikuwa wameuliza kila waya wa gari lile, na hilo hawakuwahi kuuliza.

— Nilikuwa nakuja hapa, Yosamu akasema.

— Hapa? Afande akashangaa. Nyumba yako si ile pale, Mzee? Ungekuja na miguu.

Yosamu akakiweka kikombe chini taratibu.

— Nikikuja na miguu, hakuna mutu anasimama.